MASHINI NDOGO ISILALE NDANI YA NYUMBA

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaosoma gazeti hili baba akiisha kulala,

Mara hii sitawaambia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Nataka kusema nanyi juu ya mashini ndogo za mipigo miwili, zile zinazokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Kila mtu wa Kisangani anazijua. Ni gurupe ndogo inayotupa umeme usiku, ni pampu inayovuta maji shimoni, ni msumeno wa kukata miti. Tunazitumia kila siku, na kwa sababu ni ndogo tunadhani kwamba hatari yake nayo ni ndogo.

Jumapili moja vijana watatu wa kambi walinijia barazani na simu. Walitaka nione mashindano ya magari ya kuchezea. Gari lenyewe halizidi urefu wa mkono, na mwenyewe husimama mbali akiliongoza kwa redio. Nilicheka kwanza. Halafu mmoja wao, anayejifunza ufundi wa magari, akaanza kunieleza mashini yake, nami nikaacha kucheka.

Mashini ile ni ya mipigo miwili, ndugu ya gurupe zetu. Nyingi katika zile za mashindano zina ujazo wa sentimita 3 na nusu tu, maana yake nafasi ambamo pistoni inapanda na kushuka haiwezi kupokea hata kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Hainywi esansi. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na nitrometani na mafuta ya kulainisha, na mara nyingi katika mafuta hayo mna mafuta ya mbarika. Haina buji ya kutoa cheche kama zetu. Ina kijiwaya chembamba cha platini ambacho kikiisha kupata joto hubaki chekundu, na ndicho kinachowasha.

Lakini kilichonishika moyo ni uvumilivu wa wenye magari yale. Mashini mpya hawaikimbizi. Matangi ya kwanza wanaiacha inywe kwa wingi na itoe moshi mwingi, mpaka vyuma vizoeane. Baadaye wanafunga sindano ya kabireta kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko mmoja, kisha wanasikiliza, wanatazama moshi, wanapima joto. Moshi mwembamba wa buluu lazima uonekane nyuma ya gari. Usipoonekana, mashini inakosa mafuta na inajichoma yenyewe. Mchezo ukiisha, wanamwaga kilichobaki katika tangi, wanasafisha filtri ya hewa, wanatia matone ya mafuta ndani ili vyuma visile kutu. Na kazi hii yote wanaifanya nje, penye hewa, kwa sababu wanajua wameshika nini mkononi. Moto wa methanoli mchana wa jua hauonekani vizuri kwa macho, na mtu akiinywa inaweza kumpofusha au kumwua.

Basi, ndugu msomaji, fikiri nami. Wale wanacheza, lakini wanaiheshimu mashini. Sisi hatuchezi. Mashini yetu ndiyo inayomwangazia mtoto kitabu, ndiyo inayopoza samaki wa mama wa soko. Nasi tunaiheshimu kuliko wao? Hapana. Tunaichanganyia mafuta kwa kukisia, filtri yake hatuifungui mpaka izime, na usiku ukifika tunailaza ndani kama mtoto wa nyumba.

Neno hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua nyingi, mtaa mmoja ulikosa umeme kwa muda wa siku kadhaa. Mnajua mambo yetu. Kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo kilijengwa wakati wa Wabeleji, na mashini yake moja ikilala, mitaa mizima inalala gizani. Alfajiri moja, kama saa kumi na moja, wakaletwa kwangu dispensari watu wa nyumba moja: baba, mama na watoto wawili. Baba ni fundi wa garaji ya kazini, mtu wa kuaminiwa, ambaye mashini iliyowashinda wengine huletwa kwake.

Mama akaniambia, "Dokta, malaria imetuangusha wote usiku mmoja."

Na mimi nikaamini. Kichwa kilikuwa kinawauma wote, wanatapika, miguu haina nguvu, mtoto mdogo anasinzia. Nikachukua kadi zao nikaanza kuandika neno malaria. Nikapima joto la mwili, hakuna aliyekuwa na homa. Nikawatia kidoleni kile chombo kidogo cha kupimia oksijeni ya damu, kikaonyesha 98. Nikajisemea kwamba damu yao ni nzima, na nikaendelea kuandika.

Hapo akaingia koko wao, mama mzazi wa baba, akitembea kwa fimbo yake polepole. Yeye hulala katika jiko la nyuma, mbali na nyumba kubwa. Akasimama mbele ya meza yangu akauliza, "Mwanangu, sahani tulikula moja, na mbu wetu ni wamoja. Mbona mimi sikuugua?"

Kalamu ikaniponyoka. Nikamgeukia baba nikamwuliza, "Papa, gurupe ililala wapi?"

Akanyamaza kidogo. Akajibu, "Kwenye koridoo."

Nikauliza tena, "Nani amebaki nyumbani?"

Alikuwa amebaki mdogo wake mama, kijana wa shule, aliyelala chumba cha mbele, mlango kwa mlango na koridoo ile. Walipotoka walimwita mara moja, hakuitika, wakasema vijana hulala sana, mwacheni apumzike. Tulikimbia. Tulimkuta ameshaondoka, na mwili umeshapoa. Alikuwa amebakiza miezi michache afanye mtihani wa diploma ya Taifa.

Wakubwa wangu waliniambia kwamba hata ningekwenda mara ile ile nisingemkuta hai. Nawaamini. Lakini ile robo saa niliyoitumia kuandika malaria ninaibeba mpaka leo, na ndiyo sababu naandika haya, ili wewe usije ukaibeba yako.

Siku ya matanga yule baba alinishika mkono akasema, "Dokta, ile mashini niliitengeneza kwa mikono yangu. Haikuwa na moshi hata kidogo."

Alisema kweli. Nilikwenda kuiona. Filtri safi, buji yenye rangi nzuri, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Na hapo ndipo lilipo somo ambalo mafundi wengi hawajalipokea, maana mara kwa mara nasikia wakisema: mashini ikitengenezwa vizuri haina sumu. Ndugu zangu, neno hilo si kweli, na limeshaua watu.

SUMU YENYEWE NI NINI?

Esansi ikiungua inatoa moshi, na ndani ya moshi mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Harufu unayoisikia ni ya mafuta na esansi isiyoungua. Kwa hiyo mashini isiyonuka na isiyotoa moshi wa kuonekana inaweza kuwa inatoa sumu papo hapo, nawe huna mlinzi wa kukuamsha.

Ukiivuta, inaingia katika damu na kukalia kiti cha oksijeni. Inaling'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Kile chombo cha kidoleni nacho kinadanganyika, kwa kuwa damu iliyobeba sumu hii inaonekana kwake kama damu iliyobeba oksijeni. Ndiyo maana kiliniambia 98.

Wakale wa machimbo waliijua hewa hii. Katika Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1890, mtaalamu John Scott Haldane alifundisha wachimbaji wa makaa kushuka na ndege mdogo au panya, kwa sababu mnyama mdogo huanguka mapema kuliko mtu. Migodi ya huko iliendelea kutumia ndege hao mpaka mwaka 1986, vyombo vya kupimia vilipochukua mahali pao. Katika koridoo za nyumba zetu hakuna ndege wala chombo. Ndege ni mtoto wako.

UTUNZAJI UNASAIDIA, LAKINI HAUTOSHI

Msifikiri kwamba nasema mashini isitunzwe. Kinyume chake. Mashini mbaya inatoa sumu nyingi zaidi. Filtri ikiziba, hewa inayoingia inapungua, esansi haiungui yote, na kaboni monoksidi inaongezeka. Utunzaji ni nusu ya afya. Mahali pa kuiweka ni nusu ya pili. Mtu akifanya nusu moja na kuacha nyingine, ni kama amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Hii ndiyo nusu ya kwanza, kama mafundi wetu wa garaji walivyonisaidia kuiandika:

1. Mchanganyiko. Soma kwanza kitabu cha mashini au maandishi kwenye kifuniko cha tangi. Ikiandikwa 1 kwa 50, tia mililita 20 za mafuta katika kila lita ya esansi, yaani mililita 100 kwa lita 5. Ikiandikwa 1 kwa 25, tia mililita 40 kwa lita, yaani 200 kwa lita 5. Usipime kwa jicho. Sirinji tupu ya mililita 20, mpya, isiyo na sindano, inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Kumbuka pia kwamba chupa ya bia ya sentilita 72 si lita.

2. Mafuta yenyewe. Tumia mafuta ya mashini za mipigo miwili. Mafuta machafu yaliyotolewa katika gari si mafuta tena, ni takataka yenye vumbi la chuma. Mafuta yakipungua, pistoni inakwama. Yakizidi, buji inalowa na bomba la moshi linajaa masizi.

3. Filtri ya hewa. Ifungue kila wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa vumbi. Ikiwa ni ya sponji, ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, itie matone ya mafuta na uikamue. Usiioshe kwa esansi, hasa karibu na mbabula au taa inayowaka.

4. Buji. Itoe mashini ikiwa imepoa, uitazame. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Ikiwa nyeusi na imelowa, tafuta filtri iliyoziba, mafuta yaliyozidi, au kile kidude cha kuzuia hewa wakati wa kuwasha ambacho umesahau kukirudisha. Ikiwa nyeupe, mashini inachomeka kwa joto, esansi inaingia kidogo mno.

5. Visi za kabireta. Hapa tuwaige wale wa magari ya kuchezea. Anayejua ageuze kidogo tu, asubiri, asikilize, na aandike alikoitoa ili aweze kuirudisha. Asiyejua aache. Wala usilazimishe mwendo wa gurupe ili taa zing'ae zaidi. Utaunguza taa, na baadaye mashini.

6. Bomba la moshi. Kaza bolti zake na uondoe masizi. Bomba linalovuja karibu na kabireta huirudishia mashini moshi wake yenyewe.

7. Kuzima na kujaza. Unapoizima kwa muda mrefu, funga bomba la esansi uiache iishe yenyewe, ili kabireta isibaki na mchanganyiko unaoganda. Usijaze tangi mashini ikiwa ya moto, wala usivute esansi kwa mdomo kutoka katika bidoni. Ikiingia mapafuni inaleta ugonjwa mzito wa kifua. Mtoto akiinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mawese, mlete dispensari. Na esansi uliyonunua kwa Kadhafi wa barabarani usiiache katika chupa ya maji ya kunywa.

MWIZI NA KORIDOO

Sasa nusu ya pili. Mahali pa gurupe ni nje, mbali na nyumba, mita 6 au zaidi, na mdomo wa bomba la moshi uelekee kusiko na dirisha wala mlango wa mtu yeyote, yako au ya jirani. Baraza si nje. Jiko la ukuta tatu si nje. Koridoo yenye mlango wazi si nje. Kufungua madirisha hakutoshi. Wengi walikufa madirisha yakiwa wazi.

Mtaniambia, "Dokta, hayo tunayajua. Lakini mwizi je?"

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoandika matangazo ya kulaumu watu. Mara nyingi baada ya ajali kama ile tunasema: uzembe. Yule baba hakuwa mzembe. Majirani wawili walikuwa wameibiwa gurupe zao mwezi ule ule, nayo ya kwake aliinunua kwa akiba ya muda mrefu. Alikuwa na maadui wawili mlangoni. Mmoja alimjua, ni mwizi, amesikia nyayo zake. Wa pili hana nyayo. Akamfungia nje yule aliyemjua, akamfungulia mlango yule asiyemjua. Ukimwambia mtu kama huyo "weka nje" bila kumwonyesha namna ya kuilinda huko nje, umemwambia achague kati ya mali yake na roho yake huku hajui kama roho imo katika mizani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nami nayasema mbele ya wakubwa na wadogo. Tujenge vizimba vya chuma. Kizimba ni sanduku la nondo lenye mlango wa kufuli, limefungwa kwa saruji chini, na juu lina bati moja la kuzuia mvua. Pande zote ni wazi, hewa inapita, mashini haipati joto, na mwizi anakuta kazi ya msumeno wa chuma yenye kelele ya kuamsha mtaa. Katika karakana yetu vipande vya nondo na bati vinalala chini na kula kutu. Naiomba kampuni iruhusu vipande hivyo vitumike, na wachomeleaji wapewe Jumamosi moja kwa mwezi kwa kazi hii, kuanza na nyumba zenye watoto wadogo na wanawake wenye mimba, kwa kuwa sumu hii humwumiza sana mtoto aliye tumboni hata mama akipona.

Nanyi wafanyakazi msingoje kampuni tu. Nyumba nne au tano za jirani zinaweza kushirikiana kununua gurupe moja nzuri, kuiweka katika kizimba kimoja, na kupeana zamu ya kuitunza. Daftari moja lining'inie hapo: leo tumetia kiasi gani, filtri imeoshwa lini, buji ilikuwa rangi gani. Na kwa taa ya kusomea tu, kijitaa cha jua kinatosha, hakinywi esansi wala hakitoi sumu.

Tazameni jambo hili vizuri. Kazini tukiona mashini ya esansi imewashwa mahali pasipo na hewa, tunapiga kelele, msimamizi anakuja, kazi inasimama. Hakuna anayebisha. Tukivua kofia na kurudi nyumbani, sheria ile ile tunaiacha getini pamoja na kofia. Je, mapafu ya mtoto ni magumu kuliko ya mchimbaji?

NENO KWA WENYE JAMAA KATIKA MASHIMO

Wengi wetu tuna ndugu wanaochimba dhahabu na almasi kwa mikono huko msituni, njia ya Bafwasende na ya Banalia. Waambieni neno hili. Maji yakijaa shimoni, pampu ya esansi ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, na mpira peke yake ndio ushuke. Ikiwa mpira ni mfupi, tafuteni mwingine. Msiishushe mashini. Hata ikiisha kuzimwa, hewa ya sumu inabaki shimoni kwa muda mrefu. Na mwenzenu akianguka ndani, msimfuate mmoja baada ya mwingine. Anayeshuka bila hewa safi kwa kumwokoa ndugu yake mara nyingi analala juu yake.

UTAIJUAJE SUMU HII, NA UFANYE NINI?

Inafanana na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, uchovu, akili kuchanganyika. Jiulize maswali matatu. Je, watu wengi wa nyumba moja wameugua pamoja usiku mmoja? Je, hawana homa? Je, wanapata nafuu wakitoka nje na kuugua tena wakirudi? Ukijibu ndiyo, usitafute dawa ya malaria kwanza. Tafuta mashini, au mbabula iliyoachwa na makaa chumbani, maana sumu yao ni moja.

Fungua milango, toa watu wote nje, zima mashini. Hesabu watu. Narudia: hesabu watu, uite kila mmoja kwa jina, na asiyeitika umwendee umtikise. Usiseme analala. Asiyepumua, apuliziwe na kukandamizwa kifua kama mlivyofundishwa katika masomo ya msaada wa kwanza. Kisha waleteni wote, hata anayesema amepona. Katika hewa ya kawaida damu inahitaji saa 4 au 5 ili kuondoa nusu tu ya sumu. Kwa oksijeni safi ya maski muda huo unashuka mpaka kama saa moja na nusu. Na mkifika, mwambieni mganga neno la kwanza kabisa: "Mashini ilikuwa ndani." Msimwachie akisie. Mganga naye ni mtu, anaweza kuwa na kalamu mkononi tayari.

Yule baba amerudi kazini. Wiki tatu baada ya matanga alichomelea kizimba cha kwanza katika kambi yetu, kwa nondo alizozinunua mwenyewe, akakisimamisha nyuma ya choo, mbali na madirisha yote. Gurupe ile ile imo humo. Jioni anaifungulia kufuli, anatazama filtri, anapima mafuta kwa sirinji aliyoiomba kwangu, anavuta kamba. Koko wake ndiye mwenye ufunguo.

Ndugu msomaji, ukiisha kusoma ukurasa huu, simama. Usingoje kesho. Nenda ukatazame mashini yako italala wapi usiku huu.

Mganga msaidizi, dispensari ya kambi, Kisangani